Talaka Iliyotupwa Mlangoni

Majirani zangu, wake kwa waume, nipeni masikio yenu kidogo. Haya ninayotaka kuwaeleza sikuyaokota sokoni. Mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine nilielezwa na waliokuwapo, na yale ya njiani alinieleza Bushiri mwenyewe, siku ambayo hakuwa tena na la kuficha. Nayasema kwa sababu mchezo ule bado unachezwa katika nyumba zenu. Ninausikia kila nikipita chini ya madirisha yenu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yuko, na Mtaa wa Mchikichi hapa Kariakoo ulikuwa mchanga mtupu. Jumapili asubuhi mtaa ulitulia kweli. Maduka yalikuwa yamefungwa, makuli wa bandarini wamelala, na wanawake tulitoka na fagio zetu kufagia mbele ya milango na kunyunyiza maji ili vumbi likae chini. Mimi nilifanya hima kidogo kuliko wenzangu, kwa sababu nilikuwa nauza vitumbua sokoni, na mtu wa vitumbua hana Jumapili.

Nyumba iliyotazamana na yangu ilikuwa nyumba ya kupanga, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua wa kupikia nyuma. Chumba cha mbele walikaa Bushiri na mkewe Sabaha. Cha pili alikaa shangazi yake Bushiri, mama mtu mzima aliyemlea Bushiri tangu utotoni na ambaye mpaka leo sijawahi kumwona akimkosoa. Nyuma kabisa alikaa Hyasinta, Mmakua wa Masasi, Mkristo, aliyekuwa akifua nguo za Wahindi kule Mchafukoge. Kulikuwa pia na kijana mmoja kuli, jina lake Awadhi. Walikaa vizuri. Ukipita jioni unasikia vicheko vyao uani, na Sabaha ndiye aliyekuwa na kicheko kikubwa kuliko wote, ingawa siku zile alikuwa mzito na anakaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza.

Bushiri alikuwa fundi cherehani. Alikaa na mashine yake barazani kwa Kanubhai, Mhindi mwenye duka la vitambaa Mchafukoge, na mkono wake ulikuwa safi. Kanzu aliyoshona Bushiri ulivaa mpaka ikakuchosha wewe. Siwezi kumsema kwa uvivu, wala kwa ulevi, wala hakumpiga mkewe. Alikuwa na mapenzi ya kitu kimoja, baiskeli yake. Siku sita miguu yake ilikanyaga cherehani isiyokwenda popote, kwa hiyo ya saba alitaka kukanyaga kitu kinachokwenda. Kila Jumapili aliisugua kwa mafuta mpaka spoki zikang'aa, akafunga pampu na chupa ya maji, akaenda peke yake popote pwani anapotaka. Hakumchukua mtu, na hakumwambia mtu anaelekea wapi. Ukimwuliza, anacheka tu.

Kuna ubaya gani hapo? Hakuna. Ubaya wa Bushiri ulikuwa mdomoni.

Alikuwa na tabia ya kuapia talaka. Chai ikichelewa, talaka. Mchuzi ukizidi chumvi mara ya pili, talaka. Mtu akimbishia barazani juu ya bei ya kitambaa, anaapa kwa talaka ya mkewe kwamba yeye ndiye mkweli. Siku moja aliapa kwamba timu yake isipofunga mabao matatu basi Sabaha ameachika, na bao la tatu likaingia watu wameanza kuondoka uwanjani. Sabaha alikuwa nyumbani anatwanga mpunga, hana habari kwamba ndoa yake iko miguuni mwa watu. Wanaume waliporudi wakaeleza kwa kucheka, na sisi wanawake, Mungu atusamehe, tukacheka nao. Yeye Sabaha hakucheka. Alikuwa mtu wa kuogopa Mungu, na kila neno la mumewe alilipima na kulitimiza, asije akaishi na mwanamume ambaye si mumewe tena.

Jumapili ninayoisema nilikuwa nafagia. Mlango wao ulikuwa wazi, baiskeli imeegemezwa ukutani, na nikawasikia wote wawili kama ninavyowasikia nyinyi.

"Bushiri, leo usiende mbali," Sabaha alisema. "Tumbo limeshuka, na mgongo unaniuma tangu alfajiri."

"Mkunga si alisema bado? Mpaka mwezi uandame."

"Mkunga hakulala na mgongo huu. Lakini kama lazima uende, nipe ruhusa niende kwa mama Magomeni. Nitulie pale mpaka utakaporudi."

"Shangazi yupo, Hyasinta yupo. Hao si watu?"

"Ni watu. Leo namtaka mama yangu."

"Kila ukienda kwa mama yako siku moja inakuwa wiki. Mara ya mwisho nilikula mihogo ya kuchoma mpaka nikakonda."

"Basi niambie unakwenda upande gani, nikizidiwa nimtume Awadhi akufuate."

Hapo ndipo alipokasirika. Nadhani kilichomkera si kuulizwa. Jua lilikuwa linapanda, na alitaka kuuvuka mji kabla halijawa kali. Akaishika baiskeli, akaitoa nje, kisha akageuka akamnyooshea mkewe kidole.

"Sikiliza, Sabaha, na shangazi asikie, na mtaa usikie. Ukivuka kizingiti hiki kabla sijarudi, talaka yako hiyo."

Shangazi alikuwa amesimama ukumbini na birika mkononi. Mimi niliacha kufagia.

"Bushiri, mwanangu," nikamwambia, "meza hilo neno kabla hujaondoka. Mwenzio ni mzito."

Akacheka. "Shikamoo, mama. Neno tu hilo, la kumtuliza."

Hata marahaba hakuingoja. Akapiga kengele mara mbili, akakata kona.

Alinieleza baadaye kwamba alikwisha lisahau neno lile kabla ya kufika Daraja la Selander. Naomba hilo mlishike. Yeye alilisahau pale pale upepo wa bahari ulipompiga kifuani, na mwenzake amebaki nyumbani amelibeba.

Alifurahi sana siku ile. Alipita Oyster Bay, kwenye nyumba za Wazungu, mbwa wakabweka nyuma ya michongoma na mpishi mmoja akampungia mkono. Akapita Msasani, nyavu zimeanikwa, watu wakamwamkia naye akaitika bila kushuka. Baada ya hapo njia ikawa ya mchanga na minazi, pengine anapanda, pengine anasukuma, na upande wa kulia kila minazi inapoachana anaiona bahari. Aliimba. Aliniambia hivyo kwa aibu, macho chini. "Niliimba mpaka Kawe, mama."

Huku nyumbani, mimi nilikuwa nimekwenda zangu sokoni na sinia langu. Yaliyotokea asubuhi hiyo nilielezwa na Hyasinta. Alisema jua halijapanda sana Sabaha akaita, naye alipoingia akamkuta amekaa chini, maji yamekwisha kutoka na damu inafuata. Wakamwita mkunga wa mtaa. Mkunga akaingia, akamshika, akatoka ukumbini anafuta mikono.

"Hii si kazi yangu," alisema. "Damu imetangulia mbele ya mtoto. Mpelekeni hospitali sasa hivi."

Hyasinta hakungoja. Alikimbia Mchafukoge kwa miguu mpaka nyumbani kwa Kanubhai, ambako alikuwa akifua, akamweleza pale pale mlangoni. Na Kanubhai, nawaambieni, aliacha chakula chake, akatoka na viatu vya nyumbani, akawasha motokaa. Wakafika Mtaa wa Mchikichi mapema kabisa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Gari lilifika mapema.

Shangazi akasimama mlangoni.

"Hatoki," akasema. "Mumewe amemwekea neno. Mkimtoa nyinyi, nyinyi ndio mmemwachisha. Nitamwambia nini Bushiri akirudi?"

"Mwambie mkewe yuko hai," Hyasinta akajibu.

"Wewe Mkristo, hujui uzito wa neno hili."

"Uzito wa neno siujui, shangazi. Damu naijua. Nipishe."

Mabishano yakaanza. Wanawake wa nyumba za jirani wakaja, na kila aliyekuja alikuja na fikira yake. Mmoja akasema atolewe kwa mlango wa uani, maana mume alitaja kizingiti kile cha mbele tu. Mwingine akasema nia ya mume ilikuwa asitoke nyumbani, kwa hiyo milango yote ni mmoja. Hyasinta akasema atambeba mgongoni, asikanyage. Shangazi akasema kubebwa nako ni kutoka. Mmoja akashauri aulizwe mwalimu wa chuo, yule anayewasomesha watoto wa mtaa Kurani. Akatumwa mtu, akarudi akasema mwalimu amekwenda Magomeni kwenye mazishi. Awadhi naye akaazima baiskeli kwenda kumtafuta Bushiri, lakini amtafute wapi mtu ambaye hasemi anakokwenda? Akaanzia Magogoni, kwa kuwa siku moja alimwona Bushiri akivuka na pantoni kwenda Kigamboni. Akawauliza watu wa pantoni, wachukuzi, wauza kahawa. Hakuna aliyemwona. Akapoteza muda wote ule upande ambao Bushiri hakuukanyaga.

Kanubhai alikuwa nje ameketi nyuma ya usukani, injini inanguruma. Kila mara akichungulia.

"Kwa nini hamtoki, bibi?" alimwuliza Hyasinta. "Mgonjwa amekataa?"

Hyasinta aliniambia hakujua jinsi ya kumweleza. Akamjibu kwamba mume alikataza. Kanubhai akatazama chini, akasema, "Bushiri wangu? Bushiri hawezi kukataza hili." Alisema kweli. Bushiri angekuwapo angembeba mkewe mwenyewe. Lakini hakuwapo. Lililokuwapo lilikuwa neno lake, nalo halina macho ya kuona damu.

Na Bushiri wakati huo alikuwa Kunduchi. Alikuwa amekwisha oga baharini, ameketi kwenye kibanda cha mama mmoja muuza muhogo na samaki, anakula. Yule mama alikuwa mtu wa maneno. Akamwuliza kwao ni wapi, akamwuliza kama ameoa.

"Nimeoa," Bushiri akasema. "Mke wangu ni mzito, siku zake zi karibu."

Mama akaacha kupepea moto. "Zi karibu, na wewe uko huku unakula pweza?"

"Ana watu wa kumtazama."

"Mtu wa mwanamke siku ile ni mumewe awe karibu na mlango, hata kama kazi yake ni kukaa tu. Kula uende zako, baba."

Maneno yale yalimchoma, alinieleza, na aliondoka na hasira. Lakini hata hapo hakukumbuka alichokisema mlangoni. Hakufika mbali, gurudumu la nyuma likakanyaga mwiba, akasikia upepo unatoka. Akashuka. Pampu anayo, gundi anayo, kiraka anacho. Angeweza kuziba na kuondoka. Ila jua lilikuwa la utosi, upepo mtamu, na kivuli cha minazi kiko pale pale. Akajiambia atakwenda jua likipungua makali. Akalala.

Mimi nilirudi kutoka sokoni wakati wa adhuhuri. Niliona motokaa nikadhani kuna bwana mkubwa kaja. Nilipoingia nikawakuta wanawake wamejaa ukumbini, kila mtu hakimu, na Sabaha chumbani peke yake na Hyasinta, midomo imekuwa myeupe. Khanga aliyolalia ilikuwa imelowa. Sikujua nianzie wapi. Nilitoka ukumbini nikawaambia wale wenzangu wanyamaze au waende makwao wakahukumiane huko. Nikamwambia shangazi, "Mama, huyu anakufa. Ukimzuia, wewe ndiye utakayeulizwa na Mungu."

Yule mama alikuwa analia. Nataka mjue hivyo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa analia na bado mikono yake imeshika miimo ya mlango. "Ataachika," alikuwa akisema. "Ataachika, na mtoto huyu azaliwe hana baba ndani."

Ndipo tukamsikia Sabaha. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini wote tulisikia.

"Shangazi, ondoka mlangoni."

Alikuwa amesimama. Hyasinta alimshika upande mmoja, nami nikaenda upande wa pili. Nilitaka tumbebe, akakataa.

"Msinibebe. Kesho mtu asije akasema nilitolewa bila kutaka. Nimelisikia neno la Bushiri tangu asubuhi, nimelikalia, nikingoja labda atarudi. Mtoto alikuwa akicheza, sasa hachezi. Nakwenda kwa miguu yangu."

Shangazi akaachia miimo.

Sabaha alipofika mlangoni alisimama. Akashika ukuta, akautazama mtaa upande wa juu, kisha upande wa chini, mbali mpaka kona. Nilijua anachokitafuta. Mtaa ulikuwa mweupe kwa jua, hakuna baiskeli. Akainua mguu akavuka, akafuatisha wa pili, na Kanubhai akashuka akamfungulia mlango wa gari.

Siwezi kueleza mengi ya hospitali. Walimpokea mbio, wakatuacha nje kwenye benchi, mimi, Hyasinta na Kanubhai. Kabla ya mwadhini kuadhini alasiri akatoka nesi, akatwambia mama yu hai, damu imezuiwa. Alikuwa mtoto wa kiume. Alizaliwa hana pumzi. Nesi aliuliza kwa upole tu, "Mlikuwa mbali sana?" Kanubhai akainama akajishika kichwa. Tulikuwa Kariakoo tu.

Awadhi kwa upande wake alipokosa Magogoni alitumia akili. Akaona kwamba kama Bushiri hakuvuka huku, basi kaenda ile njia ya kaskazini, na yeyote arudiye kwa njia ile lazima apite Daraja la Selander. Akaenda akakaa pale darajani. Jua limekwisha pinda sana ndipo akamwona Bushiri anakuja taratibu, ameweka dafu kwenye keria, amelifunga kwa kamba ya mpira, zawadi ya mkewe.

"Bushiri, ulikuwa wapi siku nzima? Sabaha yuko hospitali."

Sasa sikilizeni alichojibu Bushiri. Alinieleza mwenyewe. Hakuuliza mke anaendeleaje. Hakuuliza mtoto. Neno la kwanza kumtoka lilikuwa hili: "Nani amemtoa?"

Pale pale, alisema, aliyasikia maneno yake mwenyewe. Ndipo neno la asubuhi lilipomrudia lote, na kidole chake, na uso wa Sabaha. Akakanyaga baiskeli ile mpaka hospitali hapumui.

Alifika tukiwa nje, na mwalimu wa chuo naye amefika kutoka mazishini, kwa kuwa habari zilikwisha mfikia. Bushiri alikuwa amejaa vumbi mpaka kope. Nilimwambia mimi habari za mtoto, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumwambia. Aliketi chini kwenye mchanga. Kisha akasimama, akamwendea mwalimu, akasema kwa sauti sote tusikie:

"Mwalimu, na nyinyi nyote ni mashahidi. Kama neno langu limepita, nimemrejea mke wangu. Nimemrejea sasa hivi."

Mwalimu alikuwa mtu mpole, si mtu wa kukemea. Alimshika mkono.

"Ulisema kwa hiari yako, Bushiri?"

"Nilisema. Lakini sikukusudia, mwalimu. Lilikuwa neno tu."

"Na yeye alivuka kwa hiari yake?"

Hyasinta akajibu, "Alivuka kwa miguu yake. Alikataa kubebwa."

Mwalimu akauachia ule mkono. "Kwa nilivyosoma mimi, talaka ilipita alipovuka. Ungekuwa karibu, ukamkuta bado ana mimba, ungemrejea kwa neno moja kama ulivyosema sasa, maana eda ya mwenye mimba, kungoja kwake, ni mpaka ajifungue. Lakini amekwisha jifungua, mwanangu. Eda imekwisha. Huna tena mke wa kumrejea."

"Mtoto mwenyewe amekufa, mwalimu."

"Hata hivyo. Alimbeba mpaka mwisho."

Bushiri akamtazama kama mtu asiyejua Kiswahili. Ninaamini hapo ndipo alipoelewa. Saa zile alizolala kivulini ndizo zilizokuwa saa za ndoa yake. Angekuwa hata Upanga tu, hata kwa Kanubhai, angeweza kulirudisha neno lake. Alikuwa Kunduchi, amelala juu ya mchanga, na tyubu ya baiskeli iko kando yake haijazibwa.

"Basi nitamwoa upya," akasema.

"Hilo halina kizuizi," mwalimu akajibu, "akikubali yeye."

Sabaha alitoka hospitali akapelekwa Magomeni kwa mama yake. Bushiri alijaribu kila njia. Alikwenda na shangazi yake, yule mama akapiga magoti mlangoni akaomba radhi, na Sabaha alimwinua, akamkumbatia, wakalia pamoja. Kanubhai alitoa kitambaa kizuri dukani mwake bila kuombwa. Mwalimu akakubali kupeleka posa, nami nikafuatana naye, kwa sababu moyoni nilitaka waoane. Naam, nilitaka. Bushiri alikuwa amekonda, kazi inamharibikia mikononi, na tangu siku ile hakuna aliyemsikia akiapa.

Tulikaa barazani, Sabaha yuko ndani nyuma ya pazia. Mwalimu akaeleza kwa maneno mazuri. Akasema kijana amejuta, na kila mtu anajua kwamba anampenda.

"Najua ananipenda," Sabaha akasema kutoka ndani. Sauti yake ilikuwa imara. "Sijawahi kusema hanipendi. Na mimi nilimpenda, ndiyo maana nilikaa na neno lake nusu siku, na damu inanitoka. Nilikuwa nachagua kati ya neno la Bushiri na mtoto wangu, mwalimu. Nikachelewa kuchagua. Mwambieni nimemsamehe, na sirudi."

Tuliondoka hatujagusa hata chai. Bushiri alikuwa anatungoja njia panda. Mwalimu akamwekea mkono begani, wakatembea mbele yangu mpaka Kariakoo.

Sabaha baadaye aliolewa na mtu mwingine, mpole, akazaa. Bushiri bado yuko. Anashona. Nyinyi mnamfahamu, mnampelekea vitambaa vyenu, na pengine hamjui kwa nini mkianza kuapiana mbele yake anasimamisha cherehani na kwenda nje.

FUNZO

Waume, talaka mmepewa kwa siku ya dhiki kubwa, siku ambayo hapakaliki tena na watu wazima wameketi wakashindwa. Hamkupewa ya kutilia chumvi mazungumzo. Mkiapia talaka kwa sababu ya chai, au mpira, au kwa sababu mnataka kwenda matembezi yenu bila kuulizwa, mnaondoka na kusahau, na mwenzenu mmemwachia ndani ya nyumba kitu ambacho hawezi kukifungua yeye. Nendeni matembezi. Pandeni baiskeli mfike Bagamoyo mkitaka. Ila agizeni mnaelekea wapi, na mkitoka acheni ruhusa nyuma yenu, msiache kiapo.

Nanyi mashangazi na wakwe, mnaomwona mgonjwa na bado mnatetea neno la asiyekuwapo: siku hiyo ondokeni mlangoni mapema. Neno linaweza kuja kuulizwa kwa wenye elimu kesho. Mtoto yule hakuwa na kesho.

Nasi majirani tuliokuwa tukicheka barazani kila Bushiri akiapa, tusicheke tena. Mtu akiapia talaka mbele yako, mwambie palepale alirudishe, na usimwachie njia mpaka amelirudisha.

Wake wenzangu, mabinti zangu, nanyi pia nina neno kwenu. Kumtii mume ni jambo jema. Lakini ukiona damu, ondoka. Usingoje kuona kama baiskeli itakata kona.